Niliruka sentensi moja kwenye fomu ya vinasaba hapa Durban, nusura niue kipimo cha watoto wetu

Wakuu, heshima kwenu.

Hili nimekaa nalo muda mrefu, leo naliweka hapa bila chumvi. Nilipoharibu nitasema niliharibu. Na nikianza kujisifu huko mbele mnivumilie, nina sababu.

Mimi ni mtu wa Kigoma, natengeneza simu hapa South Beach. Nimekulia na Wakongo, kwa hiyo Kiswahili chao nakielewa hata wakikichanganya na Kifaransa. Hicho ndicho kilichonipa kibarua cha pili.

Kuna maabara hapa mjini iko kwenye mradi wa taifa wa vinasaba. Walikuwa wanatengeneza kipimo rahisi cha seli mundu kwa watoto wachanga, ule ugonjwa ambao Wakongo wanauita SS. Wenyeji wa huku hawaupati sana, kwa hiyo manesi wengi hata hauwajii akilini. Mtoto wa Kikongo analia mifupa inamuuma, anapewa dawa ya maumivu, anarudishwa nyumbani.

Maabara ikahitaji damu za familia zenye SS. Mkalimani nikawa mimi.

Sasa fomu ya ridhaa, iliyoandikwa kwa Kiingereza, ilikuwa na sentensi moja inayosema utafiti huu unaweza kuja kuzaa bidhaa ya kuuzwa.

Mnajua habari ya damu na watu wetu. Ukitaja damu na kuuza kwa pamoja, umejifukuza mwenyewe. Nyumba ya kwanza kabisa, mama alinisikiliza mpaka hapo, akaenda kutufungulia mlango tutoke, mimi na nesi wa maabara.

Nyumba ya pili nikairuka ile sentensi. Nikasema tu, "Damu yenu haitauzwa." Watu wakakunja mikono ya mashati. Nikaendelea hivyo hivyo nyumba zote, nikijiona nina akili kuliko maprofesa.

Miaka ikapita, kipimo kikafanya kazi. Tone moja la damu ya kisigino na jibu linatoka mama akiwa bado wodini. Nilifurahi kama nimekigundua mimi.

Halafu ruzuku ya serikali ikafika mwisho. Wakuu, hili wengi hatulijui: ruzuku inalipia utafiti, hailipii kiwanda. Asipopatikana mtu wa kuweka hela, kazi yote inabaki kwenye majarida ya wasomi na watoto wanaendelea kurudishwa nyumbani.

Mwekezaji akapatikana. Dokta Thandeka, mkuu wa maabara, alituita akatuambia kipimo kitatengenezwa hapa hapa Durban, kwenye viwanda vya Mobeni, na kuuzwa mpaka nje ya nchi. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, huku naikumbuka ile sentensi niliyoiruka.

Saini zote zilikuwepo kwenye fomu. Hakuna aliyejua ila mimi, na ningeweza kufa na siri yangu.

Lakini Jumapili kanisani nilikaa nyuma ya Mama Furaha. Huyu ana saluni chini ya jengo letu, binti yake Furaha ana SS, na nusu ya zile familia ni yeye aliyenipeleka. Walinifungulia milango kwa sababu yake. Sikusikia mahubiri hata kidogo.

Jumatatu nikamwambia Dokta kila kitu.

Akakaa chini. "Eish, bhuti," akasema, yaani ndugu yangu. Nilishajiandaa kufukuzwa. Akanieleza kwamba damu za watu hao haziwezi kuingia kwenye bidhaa mpaka waulizwe upya, na atakayekataa anaondolewa. Wakikataa wengi, hakuna kipimo. Kisha akampigia simu mwekezaji mbele yangu, akamwambia ukweli wote, halafu akaiambia kamati ya maadili. Mwanamke yule namheshimu mpaka kesho.

Mwekezaji akatupa mwezi mmoja wa kupata ridhaa upya.

Tukaita familia kwenye ukumbi wa kanisa, Overport. Nikasimama, nikaisoma ile sentensi neno kwa neno, nikasema niliiruka makusudi. Aibu niliyoisikia siku ile siwaombei.

Mama Furaha akasimama. "Ndugu, ulituambiaka damu yetu haitauzishwa. Sasa leo unasema nini?"

Nikamwambia kitakachouzwa ni kipimo kilichotokana na damu yao, na nilikosea kuwaficha. Nikaomba msamaha.

Kisha akamgeukia Dokta. "Bon. Muuzishe. Lakini hapa Durban, mama akizaa kwa hospitali ya serikali, mutoto apimwe bure. Hata kama mama hana papier ya kukaa hapa."

Ukumbi mzima ukaitikia. Dokta akaandika. Familia mbili zilikataa, damu zao zikaondolewa, na hakuna aliyewanunia.

Mwekezaji alibishana sana juu ya lile neno "bure", lakini mwisho akasaini: hospitali na kliniki za serikali za mji huu mzazi halipi, kwingine kinauzwa, na sehemu ya faida inarudi maabara kufanya utafiti mwingine. Wakimbizi wenye saluni na vibanda vya simu wameandikisha sharti kwenye mkataba wa taifa la watu. Nijisifu nisijisifu?

Mwezi uliopita boksi la kwanza lilitoka Mobeni. Ndani kuna karatasi ya maelezo, na Kiswahili chake nimekiandika mimi. Nikampelekea Mama Furaha saluni. Aliacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa, akasoma kwa sauti, kidole kikifuata mistari, mpaka hapa:

"Kipimo hiki kimetokana na damu iliyotolewa na familia za Durban, zikijua kitauzwa."

Akarudia kuisoma. Kisha akamwita binti yake.

"Furaha, kuya uone. Damu yako iko humu."

Wakuu, nililojifunza ni kwamba watu wetu hawaogopi ukweli kama tunavyodhani sisi tunaowatafsiria. Nyie mliowahi kutoa damu au mate kwa watafiti, mlisomewa fomu yote? Na kama ungekuwa mimi Jumatatu ile, ungesema au ungekula jiwe? Niambieni, hata matusi nitayasoma.