Dirisha Linalotazama Ua wa Jirani

Mdogo wangu wa kike alipopata ruhusa ya kusaini ramani za nyumba, nilimpigia simu kumpa hongera, na nilipokata nikatoka nje kuosha gari ambalo lilikuwa safi. Nalisema mapema ili msomaji asinidhanie wema. Nilimwonea kijicho, na kijicho hicho kilinikaa mwaka mzima.

Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa mhandisi katika idara ya vibali vya ujenzi hapa Muscat, Omani. Kazi yangu ilikuwa kusoma ramani kabla nyumba haijasimama na kusema hapa sawa, hapa si sawa. Katika ukoo wetu hakuna aliyeweka tofali bila ya kupita kwangu. Anayetaka kujenga alikuja nyumbani kwanza, ramani kwapani na sahani ya halua mkononi, kabla hajaipeleka idarani. Niliitandaza juu ya meza ya kulia, nikavaa miwani, na watu wazima wakanyamaza wakiningoja. Nilikuwa nikiupenda ukimya ule kuliko halua yenyewe. Mara nyingine nilikwisha kuona kila kitu nikajidai bado natazama.

Kisha ikaja amri mpya. Ofisi za binafsi zenye leseni ziliruhusiwa kukagua ramani, na pia kwenda kwenye ujenzi kutazama nondo na zege, ili watu wasitungoje sisi. Mwenye nyumba huchagua ofisi aitakayo, na mhandisi wa ofisi hiyo ndiye anayesaini. Sisi wa idarani tukabakishiwa kuchukua mafaili machache kati ya waliyoyapitisha wao na kuyapitia tena, tuone kama walifanya kazi sawasawa.

Mdogo wangu aliajiriwa na moja ya ofisi hizo. Mimi ndiye dada yake mkubwa, nimemzidi miaka kumi na miwili. Kusoma ramani nilimfundisha mimi, pale pale kwenye meza ya kulia, alipokuwa bado anasoma chuo. Sasa alikuwa na kadi yenye picha yake, kofia nyeupe yenye jina lake, na mshahara ambao sikuwahi kumuuliza kwa sababu nilijua jibu litaniuma. Kofia zetu za idarani tulikuwa tukizitumia kwa zamu, na ndani yake ulikuwa unasikia jasho la mtu aliyeivaa juzi. Ila yeye alikuwa bado kwenye mwaka wa majaribio. Kosa kubwa likiandikwa kwenye jina lake, ruhusa ya kusaini ingeweza kuondolewa.

Ndugu yetu wa kiume, aliye kati yetu, alianza kujenga nyumba mtaani Hail mwaka huo huo. Hakuja kwangu. Habari niliipata siku ya Ijumaa, kwa mama, kule Sib, tulipokaa kula.

"Kibali kishatoka," alisema ndugu yetu. "Siku nne tu. Kila kitu kwenye simu, hata viatu sikuvaa."

Mama alicheka akamwekea mdogo wangu kipande kikubwa cha samaki nguru. Halafu akanigeukia. "Na weye, siku hizi huko kazini wanakupa nini ufanye?"

"Nnawakagua wanaokagua."

"Kumbe wamekupunguzia," alisema mama. "Vizuri, upumzike."

Hakusema kwa ubaya. Nikajipakulia wali.

Wiki chache baadaye nilipita Hail makusudi, nikaegesha gari mbali kidogo na kiwanja. Mdogo wangu alikuwa juu, anapima nafasi kati ya nondo na nondo, na msimamizi wa mafundi anamfuata nyuma na daftari. "Muhandisa," alimwita, kwa Kiarabu mhandisi wa kike, na mtu mwengine akaja mbio na kiti. Miaka yote niliyokwenda kukagua ujenzi, nilipokelewa na visingizio, na mtu anauliza mbona nimechelewa wiki mbili. Kiti sikuletewa hata siku moja. Nilirudi nyumbani bila kushuka kwenye gari.

Kisha faili lenyewe likanijia. Kompyuta ilichagua mafaili ya kupitiwa, na moja lilikuwa la Hail. Kiwanja kiko kwa jina la mke wa ndugu yetu, basi hakuna mtu idarani aliyejua ni la nani. Mimi nilijua kabla sijamaliza kusoma mstari wa kwanza. Sheria yetu iko wazi: faili la jamaa huligusi, unakwenda kwa mkubwa wako, unasema, anapewa mwengine. Nilifunga mlango wa ofisi nikaanza kusoma.

Nililisoma asubuhi tatu. Nilitafuta kosa kama mtu anayetafuta mwiba kwenye samaki wa mgonjwa. Nguzo ziko sawa. Umbali kutoka mpakani uko sawa. Njia ya kutokea moto ukizuka, maji machafu, paa, vyote sawa, na pengine vizuri zaidi ya vile ambavyo ningefanya mimi. Kila nilipokuta pameandikwa "imekaguliwa" na jina lake chini, roho ilinikereketa.

Siku ya tatu nikaliona. Kwenye ngazi, kati ya chini na juu, palichorwa dirisha linaloelekea kwa jirani. Dirisha la upande huo lazima lianze juu ya macho ya mtu aliyesimama, asiweze kuona ndani ya ua wa watu. Hili lilianzia kiunoni. Mtu akipanda ngazi na kikombe chake cha chai angewaona wanawake wa nyumba ya pili wanaanika nguo.

Nilifurahi. Sina neno jengine la kulisema.

Fomu ina sehemu mbili za kutia alama. Ya kwanza ni "lirekebishwe", na jambo hilo humalizwa kwa simu moja na mstari mmoja kwenye ramani. Ya pili ni "kosa kubwa", na hiyo husimamisha kibali papo hapo na kubaki kwenye jina la aliyesaini. Dirisha la namna hii, kwa mtu mwengine yeyote, ningetia alama ya kwanza. Nilitia ya pili. Chini yake nikaandika sababu, nikaituma, nikaenda kunywa chai.

Siku iliyofuata magari ya zege yalifika Hail na yakarudishwa. Ijumaa, kwa mama, ndugu yetu hakugusa chakula.

"Nani aliyekosea?" aliuliza. "Nnataka kumjua. Mchoraji au nani?"

"Miye," alisema mdogo wangu. "Mchoraji alichora, lakini miye ndiye niliyepitisha. Kosa langu."

"Mafundi wamekaa bure. Ningejua ningempelekea Dada tangu mwanzo."

Maneno hayo niliyangojea miezi. Nilikuwa nimelipanga hata jibu lake, la upole, lenye kusamehe. Mdogo wangu alikuwa anatazama sahani yake, na mama anamtazama yeye, na mimi nikasema tu kwamba dirisha litainuliwa.

Baada ya chakula tulibaki wawili jikoni. Yeye anaosha vyombo, mimi nafuta.

"Nnajua ni weye, Dada," alisema bila kugeuka.

"Fomu haionyeshi jina."

"Haionyeshi. Lakini imeandikwa, 'jirani ana haki ya kukaa uani kwake bila ya buibui.' Nani mwengine idarani anaandika hivo kwenye fomu?"

Alikausha mikono, akatoa simu yake, akanionyesha picha ya karatasi. Ulikuwa mwandiko wangu. Ni orodha ya mambo ya kutazama kwenye ramani ya nyumba, niliyomwandikia zamani nikimfundisha, ina alama ya kikombe pembeni.

"Ofisi nzima tunatumia hii," alisema. "Tumeipiga chapa. Kila mgeni anapewa. Dirisha la ngazi halimo."

Niliisoma yote, mara mbili. Madirisha ya vyumba yamo, ya jikoni yamo, hata tundu la feni ya choo limo. La ngazi halimo. Nilijiambia sikuliandika kwa sababu nililijua kwa moyo. Lakini naikumbuka jioni niliyoiandika, msichana wa miaka ishirini anaelewa kwa saa moja nilichokielewa mimi kwa mwaka, na mpaka leo sijui kama nilisahau au nilijibakizia.

"Mbona hukuwaambia pale?" nilimuuliza.

"Niwaambie nini? Mama angelia." Akarudi kwenye vyombo. "Wakiniondoa, ntatafuta kazi nyengine. Miye bado mdogo. Weye ukitolewa pale, utakwenda wapi?"

Alisema kwa huruma ya kweli, mikono imo ndani ya povu. Ningependelea anitukane.

Jumapili asubuhi, siku ya kwanza ya kazi kwetu, nilikwenda kwa mkubwa wangu nikamwambia faili la Hail ni la ndugu yangu, na aliyelisaini ni mdogo wangu, na nililigusa nikijua. Alivua miwani, akanitazama, akasema hakuitarajia kwangu. Faili lilifutwa alama na kupewa mwengine. Naye aliliona dirisha lile lile, akatia alama ya kwanza. Ndugu yetu akaliinua, zege likamwagwa wiki hiyo hiyo. Mimi niliondolewa kwenye ukaguzi, nikawekwa kwenye dirisha la kupokea karatasi, ambako ndiko nilikoanzia kazi.

Mdogo wangu alipopata habari alinipigia simu analia. Alisema hakuna dada kama mimi duniani, na kwamba maisha hatalisahau. Nilimwacha aseme mpaka akamaliza. Sikumwambia kwamba sikwenda kwa kumhurumia. Nilikwenda kwa sababu pale jikoni aliniona jinsi nilivyo akanisitiri, na sikuweza kustahamili kwamba amenizidi na kwa hilo pia.