Kamba Waliofifia

Jirani yangu wa ghorofa ya pili hapa Bremen, dereva mstaafu wa tramu, hufuga kamba wadogo wa urembo, wenye mistari myekundu na myeupe. Kila Jumapili huinamia tangi la kioo akiwa amebana pumzi, kiwavu cha kuvulia kimepotea katika vidole vyake vinene, akiwatoa waliofifia rangi wasije wakaharibu kizazi. Juzi alimwinua jike mmoja wa rangi ya chai, mayai yamemjaa tumboni. Alimtazama kwa muda.

“Huyu hafai. Ataliwa na samaki.”

Kisha akampeleka sebuleni, kwenye tangi kubwa kuliko yote, lililojaa kamba waliofifia.

Mkewe, Wiebke, akaangua kicheko. “Samaki gani, mzee wangu? Humu ndani hatujawahi kufuga hata mmoja!”

“Nitanunua,” akanung’unika, akiwadondoshea mchicha uliochemshwa.