Viatu Vibovu vya Kumuaga Tajiri

Umewahi kuona watu wazima, wake na waume, wanaenda uwanjani wamebeba viatu vibovu kwenye mifuko, ili wamrushie mtu aliyekwisha kuzikwa?

Mimi nimeona. Wiki iliyopita tu, mchana kweupe.

Na kinachoniuma si viatu. Kinachoniuma ni kwamba vile viatu vilikuwa vyangu.

Kaa vizuri nikusimulie.

Mimi ni mtunza vifaa wa timu. Wengine huniita mfua jezi, sikatai, kazi ni kazi. Mwaka wa kumi na tisa huu nafua, nakunja, napanga mabegi. Mchezaji akikosa soksi, naitwa mimi. Timu ikishinda, hakuna anayeniita.

Mmiliki wa timu alifariki mwezi uliopita. Mzee mmoja mwenye viwanda, mfupi, mpole, aliyetembea kama anaogopa kukanyaga sisimizi. Mashabiki walimwita Mzee Mitumba.

Jina lilitoka kwenye fainali ya miaka tisa iliyopita. Mvua ilinyesha, uwanja ukawa matope, na vijana wetu waliteleza kuanzia dakika ya kwanza hadi ya mwisho. Straika alibaki yeye na kipa, akaanguka kabla hajapiga. Tukafungwa nne.

Njumu zao zilikuwa zimekwisha meno. Kila mtu aliliona hilo.

Basi ikawa wimbo: tajiri bahili, kapeleka watoto fainali na viatu vya mitumba!

Sasa Alhamisi iliyopita tawi la mashabiki liliitisha kikao. Ajenda ilikuwa moja: Jumamosi kabla ya mechi kutakuwa na dakika ya ukimya kwa ajili ya marehemu. Tusimame au tusisimame?

Nilienda, nikakaa nyuma karibu na mlango. Ofisi ya tawi ni chumba kimoja, viti vya plastiki, watu wengine dirishani.

Dada mmoja muuza vocha ndiye aliyeanza. "Jamani, basi la timu alinunua nani? Kabla yake si tulikuwa tunasafiri juu ya magunia?"

"Basi!" akadakia Kipaza. Huyu ndiye kiongozi wa nyimbo jukwaani, sauti yake haihitaji spika. "Basi linafunga magoli? Alituuzia straika!"

"Straika mwenyewe aliomba kuondoka!"

"Akatubadilishia na rangi ya jezi!"

"Ile ya zamani ilikuwa inachuja!"

Kwa hilo la kuchuja nilitaka kuunga mkono, nani anajua kuchuja kama mimi? Nikanyamaza. Kunyamaza nilikuwa nimekuzoea.

Kipaza akapanda juu ya kiti. "Mimi napendekeza hivi. Jumamosi kila mtu aje na kiatu kibovu. Refa akipiga filimbi ya ukimya, tunarusha uwanjani. Alitupa mitumba, tunamrudishia mitumba!"

Chumba kikalipuka. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mwenyekiti akauliza nani anaunga mkono, mikono ikapaa kama darasa zima linalojua jibu.

Mjane wake angekuwa pale Jumamosi. Nilijua, kwa sababu mimi ndiye niliyeambiwa nimpangie kiti.

Nikasimama.

"Mwenyekiti, samahani. Njumu mpya zilinunuliwa."

Vichwa vikanigeukia.

"Mzee alizinunua wiki moja kabla ya fainali. Meno marefu, ya tope. Mimi ndiye niliyeziacha stoo."

"Ulisahau?" akauliza mwenyekiti.

Hapo ndipo pagumu. Kama ningekuwa nimesahau, afadhali.

"Sikusahau. Zile za zamani zilikuwa zimeshinda mechi kumi na moja mfululizo. Nikaona kuzibadilisha siku ya fainali ni kujitafutia nuksi. Nikapakia za zamani."

Wewe unayesoma unaweza kucheka. Lakini waulize watu wa mpira. Kocha wetu alivaa shati moja msimu mzima, na nilikatazwa kulifua. Kwetu sisi kitu kikishinda hakiguswi.

Nikawaeleza yote. Baada ya mechi mzee aliingia chumba cha kubadilishia nguo, akatazama chini, akaniuliza, "Njumu nilizonunua ziko wapi?"

"Stoo, mzee."

"Stoo ya wapi?"

"Kwetu. Kwenye uwanja wa nyumbani."

Nikamwambia na sababu. Nje mashabiki walikuwa wanapiga mlango kwa mawe, wanataka mtu. Mzee akatoka, akawaambia waandishi wa habari, "Sikuona haja ya viatu vipya. Kosa ni langu."

Kwenye basi nilimfuata karibu nalia. Akasema, "Mimi wakinizomea narudi nyumbani kwenye ukuta na mlinzi. Wewe umepanga chumba, mlango wako ni teke moja tu. Nyamaza."

Nikanyamaza. Msimu uliofuata njumu zile zikatoka stoo, zikavaliwa. Mashabiki wakasema, "Mnaona? Aibu imemshika, sasa ndiyo kanunua!"

Nilipomaliza kusimulia nilingoja mvua ya matusi. Nilikuwa tayari, kwa kweli nilikuwa naitaka.

Mtu mmoja akapiga makofi taratibu. "Familia imekutuma, eh?"

"Sijatumwa na mtu!"

"Miaka tisa ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa..."

Hata yule dada wa vocha, aliyekuwa anamtetea marehemu tangu mwanzo, akatikisa kichwa. "Kaka, na mimi nampenda mzee. Lakini usitutungie hadithi, unatuharibia hoja."

Jamani! Nimekuja kukiri kosa, naambiwa sikulifanya!

"Tuendelee na ajenda," akasema mwenyekiti. Ikapita.

Nikatoka nje kwa hasira. Kipaza akanifuata, akanishika bega, akaongea chini chini kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Mzee mwenzangu, usiumie. Hiyo habari ya njumu nilikuwa naijua. Dereva wa basi alishanidokeza zamani."

"Unajua? Na bado unaimba?"

"Sasa nani atalipa kiingilio aje kumzomea mfua jezi?" Aliniuliza kwa upole kabisa, kama anayemwelekeza mgeni njia. "Watu wanamzomea tajiri, wanarudi nyumbani roho nyeupe. Wewe ukizomewa inatusaidia nini?"

Nilitamani kumpiga. Sikumpiga. Nilirudi kupanga soksi.

Jumamosi refa akapiga filimbi. Wachezaji wakainamisha vichwa. Nilihesabu hadi kumi na mbili, kiatu cha kwanza kikapaa. Kisha vikamiminika: ndala, makobazi, viatu vya shule vilivyopasuka, na njumu pia. Mjane alikaa mstari wa mbele, mgongo umenyooka, mikono juu ya mkoba. Hakugeuka hata mara moja.

Na viatu vikiwa uwanjani, ni kazi ya nani kuviokota?

Niliingia na begi la jezi. Kila nilipoinama, jukwaa lilishangilia. Wengine wakaniimbia, eti nawasaidia kufanya usafi. Niliokota kimoja kimoja mpaka begi likajaa, nikarudi kuchukua jingine.

Baada ya mechi nilikuwa stoo, mlango ukagongwa. Alikuwa mjane.

"Ni wewe wa njumu?"

"Ndiyo, mama. Juzi niliwaambia ukweli, hawakuniamini."

"Nimesikia." Akaketi juu ya sanduku, akavuta pumzi. "Mwanangu, kila msimu ukiisha alikuwa ananiambia, 'Mwaka huu atasema.' Unaisha, anasema, 'Basi mwakani.' Hata hospitalini mlango ukifunguliwa aligeuza shingo. Nikamuuliza, unamngoja nani? Akasema, 'Yule wa stoo.'"

Hospitalini sikwenda. Niliona aibu, nikajiambia ana wageni wengi, nitakwenda akipata nafuu.

"Mama, mwenyewe aliniambia ninyamaze!"

"Alikwambia siku ile, watu wana mawe mikononi." Sauti yake haikupanda. "Lakini miaka tisa, mwanangu? Nani alikuwa na jiwe miaka yote tisa?"

Nikainama, nikaanza kupanga soksi.

Akainuka, akashika ukuta, akatoka polepole. Hakunilaani, na hilo ndilo linalonila. Angenilaani ningelala.

Ndiyo maana naandika hapa. Najua kwenye maoni mtasema nimelipwa, mtasema natafuta jina. Semeni. Wimbo wa Mzee Mitumba utaimbwa tena Jumamosi hii, nami nitakuwa pembeni ya uwanja nausikia, na nitafua jezi za timu yake.

Ila wewe uliyesoma hadi hapa: kama kuna mtu amekubebea mzigo wako, mfuate leo umtue. Usingoje azikwe nao.