Picha ya Kichwa cha Mdogo Wangu

Mie mdaku tangu utotoni, sikatai. Ndiyo maana siku mdogo wangu alipopigwa picha ya kichwa, nilimbembeleza yule bwana wa mashine mpaka akaniruhusu nisimame nyuma yake, nione kompyuta inavyofanya kazi. Miaka hiyo kompyuta wengi wetu tulikuwa tunaisikia tu.

Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na tisa, anaanguka kifafa. Kwetu Temeke walishasema ni mashetani, na bibi aliyetulea alishampeleka kila palipotajwa. Daktari yeye aliogopa uvimbe. Kama upo, kichwa kingepasuliwa. Hilo la kupasuliwa ndilo lililonikosesha raha.

Jamani, kompyuta ile! Ilikikata kichwa slesi slesi kama mkate, bila tone la damu. Nikauliza hiki nini, kile nini, mpaka yule bwana akacheka. Mara akaacha kucheka, akainamia mashine. Mistari myeupe ilikuwa imetapakaa kwenye skrini, hakuna kinachoonekana. Akaniuliza kama mdogo wangu ana chuma kichwani.

Hereni na pini alivua zote alipoambiwa. Hirizi hakuitaja, maana hirizi haitangazwi. Bibi aliifumia ndani ya msuko, na ndani yake alitia sindano. Nilijua hayo yote nikakaa kimya, mjinga mie.

Nikaingia kumfumua. Akanishika mkono.

"Dada, bibi alisema siku ikitoka nakufa."

"Basi naivaa mie. Kifo kikija, kinikute mie."

Nikaifunga kwenye nywele zangu. Nilijitia ushujaa, lakini niliogopa kwelikweli.

Picha za pili zikatoka safi. Daktari akasema uvimbe hakuna, kuna kovu la zamani, atumie vidonge kila siku. Akauliza kama aliwahi kuumia kichwa utotoni. Nikajibu hapana, tena kwa uhakika.

Nyumbani nikaiinua picha kwenye mwanga wa dirisha, bibi aione. Nilitegemea anigombeze kwa ajili ya hirizi. Wala hakuigusia. Aliuliza tu kovu liko wapi, nikamwonyesha doa dogo. Akaliwekea kidole, asikiondoe.

"Aliniponyoka mgongoni nikiteka maji," akasema. "Hata kutambaa alikuwa bado. Sikumwambia mtu."