Harikeni Bila Waya

Kifuani fulana yangu iliandikwa "Jenga kwa Kanuni". Mgongoni iliandikwa "Bati la Harikeni: Paa Haliendi Popote". Nilipowatazama watu nilikuwa mwalimu. Nilipogeuka kuonyesha mchoro ubaoni, mgongo wangu uliendelea kuuza mabati. Kwa muda nilijaribu kufundisha bila kugeuka, nikinyoosha mkono nyuma kama mtu anayejikuna, hadi mama mmoja akauliza kama mwalimu anaumwa bega.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu, na bado ndiyo. Nilisomea mipango ya miji, nikahitimu, kisha nikakaa nyumbani muda mrefu hata kanisani wakaacha kuniuliza nimepata kazi wapi, wakaanza kuniombea kwa jumla pamoja na wagonjwa na wasafiri. Halafu ofisi moja mjini Nyeri ikanichukua kwa mkataba mfupi, unaofanywa upya wakipenda. Nilitakiwa kuzunguka masokoni nikiwaeleza watu kanuni za ujenzi: msingi uende chini kiasi gani, ukuta ukae mbali vipi na mpaka wa jirani, na zaidi ya yote, paa lifungwe vipi.

Kwetu milimani upepo wa kabla ya mvua hupanda kutoka bondeni, ukaingia chini ya ukingo wa paa na kuliinua. Kinachozuia paa lisiende si bati. Ni ukanda wa chuma ambao fundi huuzika ndani ya ukuta, akaupandisha na kuuzungusha kwenye ile mbao inayobeba paa lote. Pasipo ukanda huo, bati dhaifu huruka likiwa vipande na bati imara huruka likiwa zima.

Tatizo lilikuwa hema. Ofisi haikuwa na hema, viti wala vipaza sauti. Kampuni moja ya mabati ilijitolea kuleta vyote, pamoja na soda na hizo fulana, ikaleta na bango lake. Bango lilikuwa na picha ya mnazi uliopindwa na dhoruba, na kando yake nyumba ya paa jekundu lililotulia. Sijawahi kuona mnazi Nyeri. Lilitundikwa nyuma yangu kila mahali tulipokwenda, na mimi nikasimama mbele yake nikieleza habari za ukanda wa chuma.

Kule Kiganjo, mzee mmoja aliyevaa koti la mvua aliinua mkono.

"Mwalimu, hii bati serikali imepima?"

Nilijibu kwamba serikali ina viwango vya vifaa vyote vya ujenzi. Hilo ni kweli. Nikaongeza kwamba siku hiyo tulikuwa tunazungumzia namna ya kujenga, si kitu cha kununua. Hilo pia ni kweli. Mzee alitikisa kichwa kama mtu aliyeridhika, akamgeukia jirani yake.

"Amesema imepimwa."

Nilimsikia vizuri. Nilianza kutafuta sentensi ya kumrekebisha ambayo isingemwaibisha yeye, isingemkasirisha muuzaji wa kampuni aliyesimama kando ya spika, na isingekuwa uongo. Nilipoipata, watu walikuwa tayari kwenye foleni ya soda na mzee alikuwa amevaa kofia nyekundu ya kampuni juu ya kofia yake.

Nilimweleza mkubwa wangu ofisini. Sote tulimwita Madam. Alikuwa amehamishwa kutoka magharibi mwa nchi, mtu mwema na mchovu. Nilimwambia kwamba tukinyamaza chini ya bango lile, kunyamaza kwetu ni tangazo. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanikumbusha sheria ya ofisi: mtumishi hataji bidhaa ya mtu yeyote, kwa kuisifu wala kwa kuikashifu.

"Sasa wewe unataka kukashifu," alisema.

Nikasema nataka kueleza tu. Akauliza kama naweza kueleza bila kutaja. Sikuwa nimefikiria hilo, na ningehitaji siku nzima kulifikiria.

"Kijana, bila hiyo hema utafundisha nani? Utasimama kwa jua upigie ng'ombe kelele?"

Hakuwa amekosea, na hilo ndilo lililonibana. Watu walikuja kwa sababu ya soda, na waliokuja walisikia kuhusu ukanda. Bila bango wasingesikia chochote. Na bango liliwaambia hawahitaji ukanda.

Muuzaji mwenyewe alikuwa wa rika langu, mcheshi, mtu ambaye ungependa akae karibu nawe kwenye harusi. Nilimuuliza siku moja bati lile lilijaribiwa kwa upepo gani.

"Harikeni ni jina tu, buda," alisema. "Blanketi iko na picha ya chui. Umewahi kusikia mtu akirudisha dukani ati hakuna chui ndani?"

Nilicheka. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilicheka.

Jumapili moja nilikwenda nyumbani, Gakindu, ambako nyanya yangu, tunayemwita Cucu, alikuwa akijenga nyumba ya mawe kando ya ile ya mbao aliyojengewa na babu. Mimi ni kifungua mimba wa mwanawe wa kwanza, nikapewa jina la babu, na kwa desturi yetu hilo linanifanya mume wake. Huniita mzee wangu mbele ya watu. Hunidai sukari, na nikikawia kufika huniuliza nilikuwa kwa mke yupi. Babu alishafariki. Utani wake nimeurithi mimi.

Kuta zilikuwa zimefika juu. Chini ya mikahawa kulikuwa na rundo la kitu kilichofunikwa magunia, na Cucu aliyafunua mwenyewe, polepole. Yalikuwa mabati mekundu.

"Nimenunua ile yako," alisema.

Nilimuuliza kwa nini yangu. Akanitazama kama mtu anayeulizwa jina lake. Jirani alikuwa ameniona Kiganjo, nimevaa nguo ya kampuni, nimeshika kipaza sauti. Na hata bila hivyo, alisema, harikeni aliijua. Hapo nilichelewa kuelewa. Nyanya yangu alijua harikeni moja tu, ile taa ya mafuta yenye kioo na mpini, ambayo mpaka leo imening'inia kwenye msumari jikoni kwake. Alikuwa ameibeba kwenda kukama ng'ombe alfajiri za upepo miaka yake yote ya ndoa, na haikuwahi kumzimikia. Aliamini kwamba wenye taa sasa wameanza kutengeneza mabati. Kimbunga, maana ya jina hilo kwa Kiingereza, hakikuwa akilini mwake hata kidogo.

Nikamuuliza habari za ukanda. Akasema fundi alikuwa ameununua, lakini muuzaji alipoleta mabati alimwambia fundi kwamba bati hilo halihitaji, asimpotezee nyanya huyu chuma. Kazi ya paa ingeanza siku moja baada ya mkutano wetu wa Gakindu.

Nilimweleza yote, nikichora ardhini kwa kijiti: ukuta, mbao, upepo. Nilimwambia fundi bado angeweza kufungua mstari wa juu wa mawe na kuuzika ukanda. Alisikiliza akichambua maharagwe kwenye ungo, bila kuinua macho.

"Haya maneno utasema mkutanoni?"

"Siwezi, Cucu. Nimekatazwa kutaja bati."

"Kwa hivyo unaniambia kwa siri."

Nilifuta mchoro kwa kiatu.

"Majirani walinunua baada yangu," alisema. "Walisema kama mume wa huyu ndiye anasimama na hiyo bati, hiyo ni bati. Sasa mimi nifunge yangu kimya, zao ziruke, halafu nikae na wao kanisani aje?" Alipepeta ungo, maganda yakaruka. "Sema huko mbele. Ukisema kwa kipaza, fundi atafunga yangu na yao. Usiposema, yangu iende na za wengine. Mzee wangu wa kwanza alinijengea nyumba iko hapa mpaka leo. Wewe wa pili hujanijengea choo."

Nilirudi Nyeri nikiwa na sentensi nyingi kichwani. Moja ilisema ukweli na kunipotezea kazi. Nyingine ilisema ukweli nusu, na nilijua tayari nusu hiyo huishia wapi, kwa kuwa nilikuwa nimeisema Kiganjo. Nilifikiria kujifanya mgonjwa, lakini kama nisingekuwepo muuzaji angechukua kipaza sauti mwenyewe. Nilifikiria kuvaa sweta juu ya fulana. Hilo tu ndilo nililolifanya, na siku ya mkutano wa Gakindu joto la hema likanilazimisha kulivua.

Cucu alikaa safu ya mbele, na majirani zake kushoto na kulia, wamevaa kama wanaokwenda kanisani. Nilieleza msingi. Nilieleza mpaka. Nilipofika kwenye paa, kabla sijaanza, yeye aliinua mkono.

"Niko na swali. Mtu akinunua hii harikeni yenu, bado anafunga paa na ile chuma, ama hafungi?"

Muuzaji, kando ya spika, aliacha kutafuna. Madam alikuwa amekuja siku hiyo. Aliketi nyuma kabisa, akinitazama bila kupepesa. Nilihesabu moyoni njia za kusema neno moja, "afunge", bila kutaja bidhaa, na kila njia ilipita kwenye jina lile lile.

"Mzee wangu," Cucu alisema, "jibu bibi yako."

Hema lote likacheka. Walijua desturi. Mtu mmoja nyuma akaniambia nijibu mapema nisije nikalala nje. Na katika kicheko hicho, sijui kwa nini, nikaiona taa kwenye msumari wake.

"Cucu, hiyo harikeni yako ya jikoni," nilisema. "Kioo chake kinashikwa na nini?"

"Waya."

"Ukiutoa?"

"Kioo inaanguka."

"Hata kikiwa kioo kizuri namna gani?"

Alikuwa ameinamisha kichwa, akitazama mikono yake. Jirani wa kushoto ndiye aliyesema, si kwa sauti kubwa, "Sasa hiyo chuma ndiyo waya." Maneno hayo yakapita safu kwa safu hadi nyuma, na nikayasindikiza kwa kipaza sauti: kanuni zinasema kila paa lifungwe ukutani, kila paa, la rangi yoyote na jina lolote. Nilikuwa sijataja bidhaa ya mtu.

Aliyepiga makofi kwa nguvu zaidi alikuwa muuzaji.

Fundi alifungua mstari wa juu wa mawe kwa Cucu, na kwa majirani pia. Nilikwenda kuangalia. Nilivuta kila ukanda kwa mkono hadi akaniuliza kama napima ng'ombe wa kununua. Kwa siku chache nilipumua.

Kisha Madam aliniita kunipongeza. Mkataba wangu ulikuwa umefanywa upya. Kampuni ilikuwa imeandika kwamba haijapata kuona mwalimu anayeelewa watu kama mimi, na ingependa kuendelea kutupa hema, mradi nisibadilishwe. Muuzaji alinipigia simu mwenyewe.

"Buda, ile ya taa! Hata sisi hatukuwa tumefikiria."

Bango jipya lilitundikwa mjini Nyeri wiki iliyofuata. Mnazi ulikuwa umeondolewa. Mahali pake palikuwa na taa ya harikeni, kubwa, inayong'aa, na chini yake nyumba ya paa jekundu. Maandishi yalisema "Harikeni: Unaijua Tangu Zamani". Waliweka taa hiyo kwenye kofia, kwenye kalenda, na mgongoni mwa fulana mpya.

Nilimpelekea Cucu kalenda, sijui nikitaka aseme nini. Aliipeleka mlangoni kwenye mwanga, akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali.

"Hawajachora waya," alisema.

Ilikuwa kweli. Mpini ulikuwepo, kioo kilikuwepo, moto ulikuwepo. Nilikuwa nimesimama mbele ya picha hiyo mikutano kadhaa bila kuona. Aliikunja kalenda, akaitia nyuma ya kabati pamoja na magazeti ya kuwashia moto, akaniuliza kama nimeleta sukari.

Nikipita Kiganjo sasa, huangalia mapaa mekundu pande zote mbili za barabara na kujiuliza lipi ni la yule mzee mwenye koti la mvua. Nimewahi kushuka, nikasimama kando ya uzio wa nyumba moja mpya, nikitazama mahali ambapo paa hukutana na ukuta. Hakukuwa na la kuona. Ukanda ukishafunikwa hauonekani, na usipokuwepo ukuta huwa vile vile, laini, umepakwa rangi. Mwenye nyumba alitoka, akaniona, akaitambua fulana.

"Karibu, mwalimu," alisema, akanyoosha kidole juu kwa fahari. "Si ndiyo hii?"

Nilimuuliza kama fundi alifunga. Akacheka, akasema hiyo haihitaji, kwani mimi sijui?