Jicho la Askofu

Tangu enzi na enzi ashidikoni, kasisi msimamizi wa makanisa ya eneo, ni jicho la askofu, na huyu wetu akija kukagua kanisa hakimpiti kitu. Hugonga kuta kwa kifundo cha kidole, sikio kalitega kama daktari, kisha humwambia mtunza kanisa kwa upole, "Maua mazuri haya, mama," huku anakisogeza chungu. Nyuma yake, ufa. Kila mwaka maua, kila mwaka ufa.

Juzi mama huyo alimpelekea ashidikoni barua ofisini kwake, akamkuta anahema, anakokota chungu cha maua kuziba ukuta uliovimba kwa unyevu.

"Kesho askofu anakuja kukagua," akanong'ona.

Mama akatikisa kichwa. "Baba, maua husogezwa. Shika huko, tulete kabati."