Nilivyomzulia Bibi Yangu Msiba

Ilianza Jumamosi, saa nne na robo asubuhi, na naijua dakika hiyo kwa sababu nilitazama saa ya ukutani kabla sijaishusha. Tangu siku zile sijamsimulia tena mtu kwa mdomo, maana hata kwa kalamu tu mashavu yananiwaka, lakini mtaa mzima wa Jadida unaijua habari hii na wengine wanaitia chumvi, basi bora niiandike mwenyewe ilivyokuwa.

Naishi hapa Wete na bibi yangu, mzaa mama, kwa ajili ya skuli (wazee wangu wako Msuka, na kwa kwenda na kurudi kila siku hasomi mtu). Bibi ni Mwalimu Zuwena, aliyesomesha hesabu mpaka juzi alipostaafu. Nyumba yetu ina vyumba vitano na watu wawili, paa linavuja, ngazi za uani zinamtesa magoti, kwa hiyo alikwishakata shauri kuhamia padogo. Kilichobaki ni wapi. Mjomba Salim alimtakia Unguja, ghorofa jipya karibu na kwake, vyumba viwili, maji ndani kwa ndani. Mimi moyo wangu ulikuwa kwenye kijumba cha Mzee Faki hapahapa Jadida, nyuma ya msikiti, vyumba viwili pia, na mdimu mlangoni. Sisemi uongo kwenye daftari langu: nilijifikiria mwenyewe kwanza. Bibi akienda Unguja mimi nahamia dakhalia, bweni la skuli, na mimi ni mtu ambaye kuomba chumvi mezani kunanitoa jasho, sembuse kulala chumba kimoja na wasichana wasionijua.

"Nibakie hapa na nani?" Bibi aliniambia siku ya Ijumaa tukila. "Mtaa huu wote nimeuchapa mie, Raya. Nani ananipenda hapa?" Na kijumba chenyewe, akasema, hakiingii hata makochi yake. Jibu la kumpa Mjomba lilikuwa litoke Jumamosi jioni, kwa sababu mwenye ghorofa hasubiri.

Basi Jumamosi Bibi akaenda Chake kufuatilia karatasi zake za kiinua mgongo (simu kaisahau kwenye chaji, kama kawaida yake), na mimi nikapata wazo ambalo mpaka leo sijui lilinijia kutoka kwa nani. Nikasema nitoe kila kitu sebuleni, nitandike mikeka sawasawa na ukubwa wa chumba cha Mzee Faki, ambacho nilikwenda kukipima kwa hatua zangu, halafu nipange makochi juu ya mikeka, Bibi akirudi aone mwenyewe kwamba yanaingia. Nikaburura makochi mpaka barazani, nikatoa viti, meza, mapicha, nikafagia, vumbi la miaka likaniingia machoni yakawa mekundu yanatiririka, kisha nikatandika mikeka kwa kipimo kile.

Sasa wewe unayesoma kama ni mtu wa kwetu umeshashika kichwa. Kwetu vyombo vikitolewa nje na sebule ikatandikwa mikeka, hakuna anayeuliza kuna sherehe gani. Hilo nalijua tangu mtoto, nimekaa kwenye mikeka hiyo mara ngapi, lakini siku ile halikunipitia kichwani hata kidogo, nilikuwa nahesabu hatua.

Wa kwanza kupita alikuwa Bi Time, jirani yetu wa mbele. Akasimama mlangoni, akatazama makochi, akatazama mikeka, akanitazama macho.

"Bibi yako yuko wapi, mwanangu?"

"Chake," nikasema, na machozi ya vumbi yananishuka.

"Tangu saa ngapi?"

"Asubuhi."

Mtu mwengine angeongeza neno. Mimi nikatazama chini. Bi Time akajifunika kanga kichwani, akaondoka bila ya kuaga, na mimi nikafurahi kwamba mazungumzo yamekuwa mafupi.

Nikaingia chumba cha ndani kupangusa fremu za picha. Niliposikia sauti za watu nikatoka, na sebule imejaa wanawake. Kabla sijafungua mdomo Bi Riziki, fundi cherehani wa mtaa wa pili, akanikumbatia, kanilowesha bega: "Pole mwanangu, Mwalimu katutoka."

Na hapa ndipo aibu yangu ya kweli ilipo. Sikusema "hapana". Nilidhani wao wamepata habari kutoka Chake ambazo mimi sijazipata! Nikafikiria gari, nikafikiria ile kona ya njiani, na simu yake ikawa inalia chumbani (alikuwa Bi Time anaipiga kuhakikisha), nikaanguka kwenye mkeka nikalia kilio ambacho hakikuwa cha vumbi. Walipoona mjukuu analia vile, nani tena angeuliza? Wao wanalia kwa sababu yangu, mimi nalia kwa sababu yao.

Mabirika yakaingia, sukari ikaingia, vijana wakaleta mabenchi ya msikitini. Mjomba Salim akapigiwa simu. Nje wanaume wanashauriana gari ya kwenda hospitali ya Chake kuichukua maiti, na Mzee Faki, yuleyule wa kijumba, kashaweka jembe begani. Ndani wanamtaja kwa wema.

"Alinichapa kwa saba mara nane," Bi Riziki analia, "na leo napima vitambaa, sidhulumu mtu, ni fimbo ile!"

"Mwanangu alipolazwa, kalala naye yeye," akasema mwengine. "Na hakumwambia mtu."

Saa saba kasoro Bibi akashuka garini na mkoba wake wa karatasi. Haya ya nje nilisimuliwa. Alitoa salamu, akatazama mabenchi, akasema, "Innalillahi. Kafa nani?"

Mzee Faki akajikaza: "Umekufa weye, Mwalimu."

"Saa ngapi?"

"Yasemwa asubuhi."

"Na hilo jembe?"

"Ndo nakwenda kukuchimbia."

"Basi litue, Faki, mikono itakuuma bure."

Ndani tuliisikia sauti ile, tukageukia mlango sote. Bibi akasimama mlangoni, akawatazama mmoja mmoja, na mimi nikitafuta shimo la kuingia. Kumbe pale alipokuwa anasema na Mzee Faki ni chini ya dirisha, kasikia mengi.

"Riziki," akasema, "saba mara nane?"

"Hamsini na sita, Mwalimu!" Bi Riziki akaruka na machozi yake, na nyumba nzima ikapasuka kwa kicheko, wengine wakilia upya.

Nikaeleza. Mbele ya watu wote wale, mikeka, hatua, kijumba, dakhalia, yote. Nilingoja kofi. Bibi akakaa palepale kwenye mkeka, akavuta pumzi, akasema, "Chai imeshachemka? Basi inywewe." Kisha akaomba simu.

"Salim, ni mie mama yako." Mjomba akaangua kilio. "Nyamaza, baba. Mzima mie. Hilo ghorofa mpe mwengine. Nimeshaona nitakapokaa, na walionililia ndio hawa nitakaokaa nao." Aliporudisha simu nikamuona anajipangusa macho kwa ncha ya buibui, na tangu niko naye sijawahi kumuona hivyo.

Namshukuru Mungu kwa watu hawa, wallahi namshukuru, kwa sababu hakuna aliyenitukana, hata vijana waliobeba mabenchi mara mbili. Lakini nimeapa: sitohamisha hata kigoda ndani ya nyumba bila ya kumwambia mwenye nyumba na majirani wote.

Asubuhi yake, Jumapili, nilijifunga kanga yangu nikazunguka Jadida peke yangu kurudisha mabirika, na kila mlango nikasema kwa mdomo wangu, "Nisameheni kwa jana, Bibi anakusalimuni, na wiki ijayo anahamia kwa Mzee Faki." Mlango wa mwisho Bi Time akakataa kulipokea birika lake. "Siku ya kuhama," akasema, "sote hawa tutachemshiwa chai kwenye nini?" Nikageuka nalo, nikaenda kumwambia Bibi kwamba watakuja.